SOMO LA MWEZI: NURU NA MAHALI PA KUSIMAMA

Siku hizi kamera imeingia karibu kila nyumba, maana imo ndani ya simu ya mkononi. Vijana wetu hupiga picha arusini, matangani na sokoni, nao huzipeleka mbali kabla jua halijatua. Wengi hudhani ya kuwa kazi yote ni kugusa kioo cha simu kwa kidole. Basi katika somo hili tutamwangalia mtu mmoja aliyejifunza kazi ya picha kwa bidii, yapata miaka mia na zaidi iliyopita, tuone alijaribu nini na kujaribu kwake kulimfundisha nini. Hatuandiki ili kumsifu tu. Liko jambo moja katika kazi yake ambalo yatupasa kulipima kwa makini, nalo tutalifikia katika sehemu ya nne.

1. MWANAFUNZI NA WALIMU WAKE

Paul Strand alizaliwa mjini New York, Marekani, mwaka 1890. Alipokuwa na umri wa miaka 12 baba yake alimpa kamera ndogo. Mwaka 1904 akaingia shule iitwayo Ethical Culture katika mji huo huo, na huko akamkuta mwalimu jina lake Lewis Hine. Huyu Hine ndiye aliyepiga picha za wageni walioshuka melini penye kisiwa cha Ellis, wakitafuta maisha mapya Marekani. Tena, tangu mwaka 1908, alizunguka akipiga picha za watoto waliotumikishwa viwandani na migodini, ili watu waone kwa macho yao wenyewe yale waliyoyakana kwa maneno.

Siku moja Hine aliwachukua wanafunzi wake akawapeleka katika chumba kidogo cha maonyesho, nyumba nambari 291 katika barabara ya Fifth Avenue. Mwenye chumba hicho alikuwa Alfred Stieglitz, mpiga picha mwenye sifa kubwa. Kijana Strand alipotoka humo alikuwa amekwisha kuazimia moyoni kwamba kazi yake itakuwa hiyo.

Walimu hawa wawili hawakuwa na nia moja. Hine alitaka picha itende kazi kati ya watu. Stieglitz alitaka picha iheshimiwe kama kazi njema ya mikono, sawasawa na kazi ya mchoraji. Mwanafunzi wao alijaribu kuyashika yote mawili, na hapo ndipo lilipotoka lile fumbo tutakaloliona mbele.

2. NURU

Zamani zile wapiga picha wengi walipenda lenzi laini. Lenzi ndicho kile kioo cha mbele kinachopitisha nuru kuingia kamerani. Lenzi laini huyatia mambo yote ukungu, hata picha ikafanana na mchoro wa rangi. Strand naye aliitumia. Lakini alipompelekea Stieglitz picha zake, mzee huyo alimwonyesha kasoro yake waziwazi: lenzi ile ilivifanya vitu vyote kuwa namna moja. Majani yalionekana kama maji, na maji kama ganda la mti. Akamshauri abane tundu la lenzi.

Na tuelewe vema maana ya shauri hilo. Kila kamera ina tundu la kupitishia nuru. Tundu likiwa pana, nuru nyingi huingia kwa mara moja, lakini kitu kimoja tu huonekana wazi, na vilivyo mbele yake na nyuma yake hufifia. Tundu likibanwa, nuru huingia kidogo kidogo, picha huhitaji muda mrefu zaidi, lakini vitu vya karibu na vya mbali huonekana wazi pamoja. Jambo hili tunalijua pasipo kamera. Mzee mwenye macho dhaifu akitaka kumtambua mtu ajaye njiani, hufinya macho yake. Amebana tundu.

Strand alilikubali shauri, akaanza upya. Mwaka 1915 alipiga picha katika mtaa wa Wall Street, mbele ya nyumba ya benki ya J. P. Morgan. Jua li chini, na vivuli vya watu waendao kazini vimenyoshwa virefu juu ya njia. Nyuma yao ukuta una matundu makubwa meusi, mapana na marefu kama milango ya mapango, na watu wapita chini yake wadogo sana. Hakuna neno lililoandikwa, lakini mtazamaji aona mara moja nani mkubwa mahali pale na nani mdogo. Jua likiwa utosini, picha ile isingalikuwapo, kwa maana vivuli vingekuwa vifupi chini ya miguu.

Sisi tukaao karibu na ikweta hatuna budi kulizingatia neno hili. Kwetu jua la saa sita husimama karibu wima juu ya kichwa. Macho ya mtu huwa mashimo meusi, na kivuli cha pua huanguka juu ya mdomo. Saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni nuru hutoka ubavuni, nayo huonyesha umbo la uso.

3. MAHALI PA KUSIMAMA

Mwaka 1913 yalikuwapo maonyesho makubwa mjini New York, ambamo watu wa Marekani waliona michoro ya Picasso na wenzake wa Ulaya. Wachoraji hao walikigawanya kitu kimoja katika pande nyingi, kana kwamba mtu amekizunguka huku akitazama. Wengi walicheka. Strand hakucheka, wala hakuridhika na maelezo ya wengine. Alitaka kufahamu kwa kujaribu kwa mikono yake.

Basi katika majira ya joto ya mwaka 1916, alipokuwa mahali paitwapo Twin Lakes katika jimbo la Connecticut, alitwaa vyombo vya nyumbani: mabakuli, matunda, kiti, na meza ya mviringo. Akaviweka barazani penye jua. Akaisogeza kamera karibu sana, hata bakuli lisionekane lote, ila ukingo wake na kivuli kilichomo ndani. Akaiinamisha meza, akapiga picha ya mistari ya vivuli vya baraza ilivyoikata. Mtu atazamaye picha hizo hukawia kutambua ni kitu gani. Kwanza huona weupe, weusi, duara na mstari.

Je, huo ulikuwa mchezo tu? La, ulikuwa kama zoezi la mtoto anayeandika herufi moja mara nyingi ubaoni. Humo alijifunza mambo matatu. La kwanza, kivuli nacho kina umbo, nacho hushika nafasi katika picha sawa na kitu chenyewe. La pili, ukingo wa picha ni kama kisu: ukikata hapa, maana ni hii; ukikata pale, maana ni nyingine. La tatu, ukubwa wa vitu katika picha hutoka mahali asimamapo mpiga picha. Inua kidole gumba karibu na jicho lako, nawe utaufunika Mlima Kilimanjaro wote. Mlima haukupungua, wewe ndiwe uliyechagua mahali pa kutazamia.

Hapo pana neno kubwa. Watu husema kwamba kamera haiwezi kusema uongo. Ni kweli kwamba nuru huandika tu yale yanayoifikia. Lakini mtu ndiye achaguaye kusimama karibu au mbali, juu au chini, upande wa nuru au upande wa giza. Mtoto apigwaye picha na mtu mzima aliyesimama huonekana mfupi, mwenye kichwa kikubwa na miguu midogo. Mpiga picha akichuchumaa, mtoto yule yule huonekana mtu kamili. Mkutano wa watu thelathini ukipigwa kwa karibu huonekana umati. Ukipigwa kutoka mlangoni, viti vitupu huonekana pia. Picha zote mbili zatoka katika nuru moja, na saa moja.

Strand hakudumu katika mabakuli. Baadaye alieleza kwamba yalimfundisha jinsi picha inavyojengwa, naye akaupeleka ujuzi huo kwenye mambo ya ulimwengu: mitaa, nyumba, na nyuso za watu.

4. LENZI YA UONGO

Hapa twafika penye jambo tulilolitaja mwanzo. Katika mwaka huo huo wa 1916 Strand alikwenda katika mitaa ya maskini ya New York, akitaka kuzipata nyuso za watu kama zilivyo, pasipo wao kujitengeneza mbele ya kamera. Basi alifunga lenzi ya uongo ubavuni mwa kamera yake. Lenzi hiyo ilielekea upande mmoja, na lenzi ya kweli ilielekea upande mwingine. Watu walidhani anampiga picha mtu wa kule, kumbe ndio wenyewe waliokuwa wakipigwa.

Moja ya picha hizo yajulikana duniani kote. Ni mwanamke aliyesimama mbele ya ukuta wa mawe. Shingoni ametundikwa kibao chenye neno moja kwa herufi kubwa, yaani KIPOFU, na juu yake pana beji ndogo ya ruhusa ya kuuza vitu njiani. Jicho lake moja limefumba nusu; la pili laelekea pembeni. Picha ilitolewa mwezi wa Juni 1917 katika gazeti la Stieglitz liitwalo Camera Work, toleo lake la mwisho kabisa.

Tuipime basi kwa haki. Wako wasemao kwamba picha hii ilimpa mwanamke yule heshima. Zamani zile maskini walipopigwa picha, mara nyingi walitiwa ukungu wa kupendeza, kama mapambo ya ukutani. Strand hakufanya hivyo. Alibana tundu, akasimama karibu, akauacha uso useme. Alijifunza kwa mabakuli kuona umbo, naye alipofika kwa mtu aliona kwa uaminifu. Haya ni kweli, wala hatuyakatai.

Lakini liko na upande wa pili. Hila ya lenzi mbili ilikuwa ya kuwadanganya wenye macho. Mbele ya mwanamke huyu haikuhitajika hata kidogo. Kwake palikuwa na njia moja tu ya kumjulisha, nayo ni kusema naye. Mamilioni ya watu wamemwona, yeye asiyeweza kumwona hata mmoja wao. Picha ina sifa, na mpiga picha ana jina. Yeye huitwa Mwanamke Kipofu tu. Mahali pa kusimama si kipimo cha hatua peke yake. Mtu aweza kusimama hatua mbili mbele ya mwenzake, na bado akawa mbali naye.

Kwa hiyo neno letu ni hili: picha ni kubwa, na njia iliyotumika kuipata tusiifuate.

Na inafaa tumtazame Strand alipokuwa mzee. Katika miaka ya 1963 na 1964 alifanya kazi nchini Ghana kwa mwaliko wa Rais Kwame Nkrumah. Kitabu cha picha hizo, chenye maelezo ya Basil Davidson, kilitoka mwaka 1976, mwaka ule ule Strand alipofariki nchini Ufaransa. Katika picha za Ghana twaona watu wengi waliosimama waziwazi mbele ya kamera, wakiiangalia. Yumo msichana mwenye vitabu kichwani, aliyenyosha shingo yake kwa utulivu. Na baadhi ya picha hizo zimeandikwa jina la mtu na jina la mji wake. Nuru ni ile ile aliyojifunza kwa mabakuli, ila sasa aliyepigwa picha anajua, naye ana jina.

5. ZOEZI LA NYUMBANI

Kwanza: Weka bakuli jeupe juu ya meza karibu na dirisha moja. Lipige picha asubuhi, saa sita, na jioni, pasipo kulisogeza. Angalia kivuli kilivyotembea.

Pili: Acha bakuli mahali pake, uzunguke wewe. Piga ukiwa umesimama, kisha umechuchumaa, kisha ukiwa karibu sana. Hesabu umepata mabakuli mangapi kutoka katika bakuli moja.

Tatu: Mwombe mzee wa nyumbani akubali kupigwa picha. Usimweke mbele ya mlango wenye mwanga mkali nyuma yake, wala karibu na ukuta mweupe unaowaka jua, maana kamera huupima ule weupe, na uso wa mtu mweusi huwa giza. Mweke ndani kidogo ya mlango, uso wake uelekee nje. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, ili kamera ipime nuru yake yeye.

Nne: Mwonyeshe picha hiyo kabla hujamwonyesha mtu mwingine. Akisema ifutwe, ifute. Akikubali, iandike jina lake.

MASWALI

1. Kwa nini Stieglitz hakuipenda lenzi laini?
2. Strand alijifunza mambo gani matatu kwa mabakuli na vivuli?
3. Eleza jinsi picha mbili za mkutano mmoja ziwezavyo kutofautiana, ingawa zote ni za kweli.
4. Mgonjwa hospitalini, au mfiwa kaburini, akipigwa picha pasipo kuulizwa, ni nani apataye faida, na ni nani apataye hasara?
5. Tafuta picha moja iliyo nyumbani kwako. Mpiga picha alisimama wapi? Nuru ilitoka upande gani? Je, kila aliyemo ndani yake anajulikana kwa jina? Kama yuko asiyejulikana, waulizeni wazee wangali hai, mkaandike jina hilo nyuma ya picha.