Kabla Hujakata Tiketi: Nilivyoamua Kuusafiria Mchezo Kutoka Chepkoilel

Mei 2022 mpwa wangu, anayesoma hapa Chepkoilel katika Chuo Kikuu cha Eldoret, aliingia kwenye kibanda changu cha fotokopi akiwa amenyanyua simu. "Mjomba, umeona? Wanarudisha Ngaahika Ndeenda. Lazima twende!"

Nilikuwa nimeshaona. Wiki hiyo habari ilikuwa redioni, kwenye makundi ya WhatsApp na midomoni mwa wateja. Mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, uliopigwa marufuku mwaka 1977, ulikuwa unachezwa Kenya National Theatre na kundi la Nairobi Performing Arts Studio, mwongozaji akiwa Stuart Nash, kwa Kiingereza na kwa Kikuyu. Kila aliyeutaja alimalizia kwa neno moja: usikose.

Anayekaa Nairobi huambiwa "usikose" akapanda matatu moja, jioni amerudi kwake. Sisi wa Chepkoilel tuna kama kilomita 9 za kufika mjini Eldoret kwanza, kisha zaidi ya kilomita 300 hadi Nairobi. Maana yake ni kufunga kibanda siku mbili na kutafuta pa kulala.

Nilikwenda, na hadi leo nashukuru. Lakini kabla ya hapo niliwahi kuumia. Nilimpeleka mama yangu mji mwingine kuona onyesho la nyimbo lililotangazwa kila kona. Vipaza sauti vilikatika tangu mwanzo, nyimbo zilikuwa za kurekodiwa, na waigizaji walikuwa wakichezesha midomo tu. Mama hakulalamika hata kidogo, na kimya chake ndicho kilichoniuma zaidi. Tangu siku hiyo sikati tiketi ya onyesho lenye kelele kubwa kabla ya kupitia hatua hizi.

1. Uliza sifa zimetoka wapi

Sifa zina chanzo. Zinaweza kutoka kwa mwenye kuuza tiketi, kwa watu waliokwisha kuona, au kwenye historia ya mchezo wenyewe. Ukishajua chanzo, utajua sifa hizo zinakuahidi nini.

Sifa za Ngaahika Ndeenda zilitoka kwenye historia, tena historia nzito. Wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, kule Limuru, walijijengea ukumbi wa wazi kwa mikono yao. Mazoezi yalifanywa hadharani, na wanakijiji wakisimama kuwasahihisha waigizaji. Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977, ukawa unachezwa Jumamosi na Jumapili ili watu wa kazi waweze kuja. Tarehe 16 Novemba serikali ikaufuta. Mwaka ulipokuwa unaisha, Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini. Machi 1982 polisi waliubomoa ukumbi wenyewe.

Ukiyajua hayo unaweza kukata tiketi hapo hapo. Mimi nilichukua karatasi, nikaigawa mara mbili. Upande mmoja niliandika "yaliyotokea zamani", upande wa pili "nitakayoyaona mimi". Upande wa kwanza ulijaa mara moja, wa pili ukabaki mtupu. Marufuku ya 1977 ilinithibitishia kwamba maneno ya mchezo yaliwagusa wanyonge na kuwatisha wakubwa. Haikunithibitishia kwamba waimbaji wa 2022 wangeimba vizuri. Kazi yangu ikawa kuujaza upande wa pili.

Kuna sifa za aina nyingine. Tamthilia ya nyimbo ya Hamilton ilipoanza Marekani mwaka 2015, waliokuwa wameiona ndio waliowavuta wengine. Tena ilirekodiwa mwaka 2016 ikichezwa jukwaani, na filamu yake ikatolewa kwenye Disney+ Julai 2020, kwa hiyo hata mtu wa Chepkoilel anaweza kuionja kwenye simu. Kukiwa na rekodi halali, tazama dakika 20 kwanza. Ukijikuta unarudia wimbo uleule mara ya tatu, jibu umeshalipata.

2. Soma hadithi kwanza

Wengi huogopa kujua mwisho. Katika tamthilia ya nyimbo hofu hiyo haina msingi. Harusini kila mtu anajua nani anamwoa nani, na bado watu hujaa hadi nje ya uzio, kwa sababu wanataka kusikia vigelegele na kumwona bibi harusi anavyoingia.

Kwenye rafu yangu ya vitabu vya mitumba nilikuwa na Nitaolewa Nikipenda, tafsiri ya Kiswahili ya Ngaahika Ndeenda. Nilikisoma kwa usiku mbili. Kĩgũũnda ni kibarua mwenye ekari moja na nusu tu, na hatimiliki ya shamba hilo anaithamini kuliko kitu chochote nyumbani mwake. Tajiri Kĩoi na mkewe wanamshawishi yeye na mkewe Wangeci wafunge ndoa kanisani, kana kwamba ndoa yao ya kimila si kitu. Anakopa benki kwa ajili ya harusi, shamba likiwa dhamana. Mkopo unamshinda, shamba linapigwa mnada, na anayelichukua ni Kĩoi huyohuyo.

Nilifunga kitabu nikamkumbuka baba yangu. Hatimiliki yake aliifunga kwenye karatasi ya nailoni, akaiweka chini kabisa ya sanduku la bati, na hatukuruhusiwa kuligusa. Huku Uasin Gishu nani hajui thamani ya hatimiliki? Niliandika mstari wa kwanza upande wa pili wa karatasi yangu: "Kĩgũũnda akiikabidhi hatimiliki."

Fanya hivyo nawe. Ukimaliza kusoma, jiulize kama kuna mtu mmoja ndani ya hadithi unayetamani kumwona akiwa hai mbele yako. Kama hakuna, nyimbo peke yake zinaweza zisitoshe.

3. Tafuta kile kisichoweza kukufuata nyumbani

Hatua hii ndiyo hunisaidia kuliko zote. Kitabu kinafika Chepkoilel, filamu inafika, mazungumzo ya redioni yanafika. Kwa hiyo kuna nini ndani ya ukumbi ambacho hakiwezi kuletwa?

Katika Ngaahika Ndeenda ni nyimbo za harusi. Ndani yake mna gĩtiiro, ile ngoma ya majibizano ya sherehe za ndoa za Wakikuyu. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika kitabu chake Decolonising the Mind kwamba maneno ya gĩtiiro yaliandikwa neno kwa neno kutoka kinywani mwa mwanamke mkulima wa Kamĩrĩĩthũ asiyejua kusoma. Kwenye kitabu changu maneno hayo yalijaza kurasa kadhaa, nikayapita haraka. Nilihisi kuna kitu kinanipita, kwa kuwa majibizano yanahitaji pande mbili zenye pumzi.

Kwa onyesho lolote la nyimbo, pigia waandaaji simu au waandikie, uulize mambo matatu: Je, waigizaji wanaimba wenyewe? Ala zinapigwa pale pale au ni za kurekodiwa? Kuna kundi la waitikiaji, au ni waimbaji wawili watatu tu? Mwandaaji anayejiamini hujibu waziwazi. Akizungukazunguka, ngoja kwanza. Kama ningeuliza hayo mapema, nisingemtesa mama yangu.

4. Chagua lugha kabla ya kuchagua siku

Mimi ni Mkalenjin, na Kikuyu changu ni cha salamu na cha sokoni. Nilimwendea jirani yangu, mama Mkikuyu anayeuza mboga hatua chache kutoka kwangu na aliyekaa Eldoret tangu ujana wake.

"Mama, niende siku ya Kiingereza au ya Kikuyu?"

"Hadithi si umeshaisoma, mwanangu? Sasa Kiingereza kitakuongezea nini? Nenda ya Kikuyu, usikie watu wanacheka wapi."

Kisha akanyamaza, akaendelea kupanga sukuma wiki yake. Nikamwomba twende wote.

Mji wetu uliumia kwa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Kwa miaka mingi majirani wa makabila yetu mawili tulikuwa tunasalimiana kwa uangalifu, na habari za mashamba hatukuzigusa. Kumwalika kwenye mchezo unaohusu shamba lililopotea hakukuwa jambo dogo kwangu. Alijibu tu, "Nitamwambia binti yangu akae kwenye meza." Kwa hiyo ushauri wangu wa hatua hii ni huu: fikiria utakaa na nani. Mtu anayeijua lugha ya nyimbo, aliyeketi karibu nawe, ni bora kuliko kiti cha mbele.

5. Hesabu safari nzima

Bei iliyo kwenye bango ndiyo ndogo. Andika nauli ya kwenda na kurudi, chakula, pa kulala, usafiri wa usiku kutoka ukumbini, na pato la siku utakazofunga kazi. Kwangu, tiketi ilikuwa sehemu ndogo kabisa ya jumla. Uliza onyesho linaisha saa ngapi. Usipange kupanda matatu ya kurudi Eldoret usiku huohuo, kwani mchezo mzuri huchelewa kwa makofi na utautazama ukiangalia saa.

Kilichonisaidia ni mambo mawili. Tulilala kwa dada yangu, na safari niliiunganisha na ununuzi wa wino na karatasi ambao ningeufanya mwezi uliofuata. Kisha nikajiuliza swali la mwisho: kama mchezo utakuwa wa wastani tu, je, fedha hizi zitaniuma? Nilijibu hapana, nikakata tiketi tatu, ya mpwa wangu ikiwemo.

6. Jipe ruhusa ya kukataa

Mwaka uliofuata nilipitisha onyesho lingine kwenye karatasi kama ile. Upande wa "nitakayoyaona mimi" ulibaki mtupu, nikabaki nyumbani kwa amani. Fedha zile zilitupeleka sote wa nyumbani kwangu kwenye tamasha la drama la shule, ambako watoto wa kidato cha pili waliimba hadi mama yangu akasimama. Makundi ya waigizaji huzunguka shule na kumbi za miji yetu yakicheza vitabu vya mtihani kama Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Moi University ina idara inayofundisha fasihi, maigizo na filamu. Mtu wa huku North Rift anayependa jukwaa hana njaa kiasi cha kukimbilia kila bango la Nairobi.

Jumamosi ya onyesho

Kenya National Theatre ipo tangu 1952, ng'ambo ya barabara kutoka hoteli ya Norfolk. Mnamo 1982 Ngũgĩ na watu wa Kamĩrĩĩthũ walinyimwa ukumbi huohuo walipotaka kucheza Maitũ Njugĩra, ambayo ilikuwa tamthilia ya nyimbo hasa. Waliobahatika kuiona waliona mazoezi yake tu, Chuo Kikuu cha Nairobi. Nilikaa kwenye kiti changu nikiwawazia watu wale.

Zilipofika nyimbo za harusi nilielewa nilikuwa nimefuata nini. Kurasa nilizozipita haraka zilikuja na miili na miguu. Jirani yangu alianza kuitikia chini chini, na mama mwingine safu ya nyuma akaitikia pia, hata hawajuani. Hatimiliki ilipotoka mkononi mwa Kĩgũũnda, jirani yangu alinishika kiganja, akakishikilia hadi taa zilipozimwa. Hakuna kati yetu aliyeongea.

Ngũgĩ alifariki tarehe 28 Mei 2025, na tangu hapo wanafunzi wanaokuja kibandani huniomba ushauri: mchezo ukirudishwa tena, waende? Mimi huwapa kitabu kwanza, kisha karatasi iliyogawanywa mara mbili. Anayerudi na mstari hata mmoja upande wa pili, humwambia aanze kuweka nauli.

Siku iliyofuata onyesho lile tulirudi kwa matatu ya asubuhi. Mpwa wangu alilala tangu Nakuru. Tulipoanza kupanda kuelekea Timboroa na baridi ikaanza kuingia, nilimwomba jirani yangu anifundishe wimbo mmoja wa harusi. Aliniimbia mstari, akanieleza maana yake, akasubiri niitikie. Nilikosea, akarudia. Tulipita Burnt Forest tukiwa bado kwenye ubeti wa pili.