Kungojea programu nyingine katika Java

Wenzangu wa Kitivo wanaokusanya matini kwa kompyuta watakutana na tatizo hili siku moja, kwa hiyo nalieleza kama lilivyonipata.

Kwa kazi yangu ya kumaliza masomo nilikuwa na picha za kurasa 412 za vijitabu vya zamani vya Kiswahili, nilizozipiga kwa simu. Niliandika programu ya Java inayoita Tesseract, programu huria ya kusoma maandishi yaliyo ndani ya picha, ambayo ina faili la Kiswahili. Niliianzisha kwa ProcessBuilder, iliyokuja na Java 5 mwaka 2004. Kisha nikaandika waitFor, yaani ngojea hadi mtoto amalize, na baada yake ndipo nikasoma matokeo. Kwa kurasa kumi mambo yalikwenda vizuri. Usiku mmoja, umeme ukiwepo hapa Kadutu, niliipa zote nikalala. Asubuhi skrini ilikuwa vile vile: hakuna kosa, hakuna matini. Saa moja baadaye umeme ukakatika.

Niliilaumu Tesseract bure. Kosa lilikuwa katika mpangilio wa mistari yangu miwili.

Programu mtoto huandika matokeo yake katika bomba, na mzazi huyachota upande wa pili. Kwenye Linux bomba hilo kwa kawaida huchukua baiti 65,536. Ukurasa wangu mmoja ulikuwa na baiti elfu mbili hivi. Kurasa kumi zilienea, lakini baada ya thelathini na kitu bomba lilijaa, na mtoto akasimama hadi mtu achote. Mzazi naye hachoti, kwa sababu ameambiwa angoje kwanza. Ni kama mama aliyeketi ndani akimngojea mtoto alete maji, na mtoto yuko nje, bidoni mkono huu na mkono huu, akingojea afunguliwe mlango.

Dawa ni kuchota kwanza, kungojea baadaye: soma matokeo hadi mwisho, ndipo uite waitFor. Mimi nilichagua njia ya wavivu, redirectOutput, ambayo hupeleka matini moja kwa moja katika faili. Usisahau bomba la pili, la maonyo, kwani nalo hujaa. Ukiyachanganya mawili kwa redirectErrorStream, maonyo yataingia katikati ya matini yako. Kwa anayehesabu maneno hilo ni balaa. Nililipa faili lake kwa redirectError.

Kuna pia exitValue, na sisi watu wa sarufi tunaweza kuikumbuka hivi: inadai -me-. Ukiiita mtoto akiwa bado katika -na-, haingoji. Hutupa kosa la IllegalThreadStateException. Tangu Java 8, mwaka 2014, waitFor inakubali kikomo cha muda. Muda ukiisha hujibu false, lakini haimuui mtoto. Hilo unalifanya mwenyewe kwa destroy. Sasa naita Tesseract mara moja kwa kila ukurasa, kwa kikomo cha dakika mbili, ili umeme ukikatika nipoteze ukurasa mmoja tu.

Kurasa zote 412 zilirudisha sifuri, alama ya kwamba programu imemaliza bila kulalamika. Haisemi kama imesoma sawasawa. Katika faili langu ng'ombe wengi wamepoteza kibainishi chao, na hao ninawarudishia kwa mkono.