Fimbo iliyo nyuma ya mlango

*"...Mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka 69, mkazi wa Bula Pesa, Isiolo. Nina kisukari, presha kidogo, na magoti yote mawili yananiuma, la kulia zaidi. Kila kipupwe kikiingia mambo huharibika. Tangu Juni sitoki. Upepo wa hapa na vumbi lake mnavijua. Nashinda sebuleni na chupa ya chai, na uzito umepanda kutoka kilo 83 hadi 91. Ndani natembea vizuri tu, nikishikashika. Msikiti uko mita 400 lakini nasali nyumbani, isipokuwa Ijumaa, ambapo hupelekwa na kijana wa boda niliyemfundisha darasa la sita. Hata mbio za Lewa mwaka huu sikwenda kuangalia, mimi niliyefundisha riadha miaka 30. Binti yangu alininunulia fimbo Nairobi. Iko nyuma ya mlango, bado ina nailoni yake. Nishauri: mzee kama mimi afanye mazoezi gani ya ndani mpaka baridi ipite?"*
— Mwalimu Mstaafu

Shikamoo, Mwalimu.

Barua yako ilikuwa kurasa nne. Nimebakiza aya moja, na hata hiyo ningeikata yakabaki maneno manne: bado ina nailoni yake. Upepo uliupa ukurasa mzima, bei ya vipimo vya sukari nusu ukurasa, na fimbo ukaipa mstari mmoja katikati, kama mtu anayepitisha kitu getini akiomba askari asikione. Nimekiona.

Baridi kwanza, tuimalize. Sisemi haipo. Mwili wa miaka 69 husikia baridi kuliko wa miaka 30, na goti bovu asubuhi hukaza. Hata lugha yetu imekupa kisingizio: maradhi ya viungo tukayaita baridi yabisi, watu wakadhani dawa yake ni blanketi. Lakini goti lililokalishwa ndilo hukaza zaidi, likitembezwa hulainika. Na tena, Isiolo, Mwalimu? Panda matatu ya Nanyuki alfajiri, shuka Timau, simama kando ya barabara dakika kumi, kisha uniandikie upya habari ya baridi. Kwako saa tatu asubuhi jua limeshapanda, na wauza miraa wanagombania kivuli. Vumbi nakubali. Jifunge shuka puani, kama wafanyavyo watu wote wa mji huo.

Sasa tuongee habari ya fimbo.

Ulisimama uwanjani miaka 30 ukiwa na filimbi mdomoni, ukiwazungusha watoto wa watu. Watoto hao leo ndio wenye maduka, ndio makarani wa kaunti, ndio wanaoendesha boda stendi ya karibu na kwako. Hutaki wakuone ukitembea kwa miguu mitatu. Mbio za Lewa zipo tangu mwaka 2000, ziko jirani na mji wako, na mwaka huu mwalimu wa riadha amezikosa akasingizia hewa. Hukuogopa hewa. Uliogopa kusalimiwa.

Halafu nieleze jambo moja. Kijana uliyemfundisha darasa la sita akikuona na fimbo, utaona haya. Yeye huyo akikupakia nyuma kama gunia la sukari, mita 400, mji mzima ukitazama, hapo huoni haya?

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa lori, na alikataa mkongojo miaka mitatu. Naye alikuwa akitembea "vizuri tu, akishikashika". Alishika mgongo wa kiti, kabati la vyombo, bega la mjukuu, ukuta. Baada ya kumzika ndipo nilipouona ukuta wa korido yetu. Rangi yake ilikuwa krimu, na juu yake, usawa wa kiuno, ulipita mstari wa kahawia, mpana kama kiganja, kutoka mlango wa chumba chake kuelekea chooni. Ulikatika pale ukuta unapokatika, hatua mbili kabla ya mlango wa choo. Hapo ndipo alipoanguka usiku, nyonga ikavunjika, na hakuinuka tena. Hatua mbili, Mwalimu. Fimbo ilikuwa uvunguni mwa kitanda.

Kwa hiyo nisamehe nikikukaripia. Nina imani moja ambayo wasomaji wa safu hii wameshaichoka: heshima ya mzee ni kufika kwa miguu yake alikotaka kufika, kwa mwendo wowote ule. Mzee anayengojea boda, anayengojea binti, anayengojea kipupwe kiishe, huyo ameshawapa watu wengine ratiba ya maisha yake. Watoto wetu wana huruma, wanatuletea kila kitu hadi kitini, nasi tunaita huko kutunzwa. Mimi naita kufungiwa zizini. Ng'ombe wa kunonesha ndiye anayeletewa nyasi mdomoni, na Isiolo hakuna asiyejua mwisho wa ng'ombe huyo.

Na kinachonishangaza ni kwamba unaona haya ya fimbo ukiwa Isiolo! Ungekuwa Mombasa mjini, katikati ya vijana wa simu, ningekuelewa. Kwako, nenda soko la mifugo uhesabu wanaume wasio na fimbo. Mborana ana yake, Msamburu ana yake, Mturkana na Msomali vilevile, na kijana wa miaka 20 asiyeumwa hata ukucha amesimama kwa mguu mmoja akiegemea ya kwake. Ijumaa unayopelekwa kwa boda, khatibu anapopanda mimbari hushika nini mkononi? Nabii Musa alikuwa na fimbo, na sijasikia aliyemwita mgonjwa. Najua utakachojibu: hizo ni za mti, yako ni ya chuma, ina vitundu vya kurefusha na kufupisha, inanuka hospitali. Sawa. Tafuta ya mti, uiweke hadhi unayotaka. Mradi iwe na mpira chini, na ukisimama wima mkono ukining'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye kifundo cha mkono. Ishike mkono wa kushoto, kwa kuwa goti linalouma zaidi ni la kulia. Wengi huishika upande wa maumivu na hawasaidiki. Fimbo na mguu mbovu viende pamoja.

Hesabu uliwahi kufundisha, basi fanya hii. Kwa fimbo, mita 400 zitakuchukua kama dakika nane. Nenda Adhuhuri urudi, nenda Alasiri urudi: dakika 32. Kwa siku tano ni dakika 160. Shirika la Afya Duniani linawataka watu wazima, wazee wakiwemo, wapate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, ule wa kuhema kidogo huku mdomo ukiweza kuongea. Umeshapita, na hujavaa raba za mazoezi wala kumlipa mtu. Usianze na zote. Wiki ya kwanza Alasiri peke yake yatosha. Kama kinachokuzuia ni kusujudu, omba kiti. Wazee wa rika lako wanasalia vitini, na fiqhi haina ugomvi nao.

Hesabu nyingine: waliopima mwendo wa wazee wenye magoti mabovu waligundua kuwa kila kilo moja inayopungua mwilini humpunguzia goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Kilo nane ulizoongeza ni mzigo wa 32. Mtungi wa maji wa lita 20 uliojaa, na mwingine zaidi ya nusu, unalitwisha goti lako kila unaponyanyua mguu kwenda kuchukua chai. Chai yenyewe iwe bila sukari. Mandazi ya ukurasa wa pili nimeyakata kwa heshima yako.

Mazoezi ya ndani uliyoyataka haya hapa: kiti kikiegemea ukuta, inuka ukae mara kumi bila kujisukuma kwa mikono, kadiri goti linavyoruhusu, asubuhi na jioni. Kabla ya kuanza haya yote pitia kliniki wakuangalie dawa na miguu. Usitoke na tumbo tupu ikiwa unatumia dawa inayoshusha sukari, na tende mbili zikae mfukoni. Vaa viatu vya kufunika vidole, si akala, na kila jioni kagua nyayo, maana mwenye kisukari huweza kukanyaga mwiba asiusikie. Kifua kikibana, simama, tafuta hospitali, si boda ya kurudi nyumbani.

Binti yako usimwambie kitu kwa sasa. Chukua kisu cha jikoni, kaa kitini, chana hiyo nailoni. Kisha uniandikie fimbo ni ya rangi gani, maana katika kurasa zote nne hukusema.