Rubani hodari wa mtandaoni hupimwaje?

Swali: Katika War Thunder, mchezo wa vita wa mtandaoni, je, idadi ya ndege alizotungua mchezaji yatosha kuonyesha uhodari wake?

Jibu: Haitoshi. Mwenye ndege bora, au anayengoja wenzake wamchoshe adui ndipo ammalizie, hujaza hesabu kwa urahisi. Tazama kwanza nishati, yaani mwendo na kimo, maana kimoja hugeuzwa kuwa kingine. Ndiyo msingi wa nadharia aliyoijenga rubani Mmarekani John Boyd katika miaka ya 1960. Anayekata kona kali kila mara huishiwa mwendo na kuwa shabaha rahisi. Utasema ushindi ndio unaohesabika. Naam, lakini upimwe wawili wakipambana peke yao, kimo sawa, mara nyingi, wakibadilishana ndege kila raundi.