Sehemu Tano za Hadithi

Mwaka 1697, Charles Perrault wa Ufaransa alichapisha hadithi ya msichana mwenye kofia nyekundu.

Wahusika, yaani watendaji, ni nani? Msichana, bibi yake mzee na mbwa-mwitu.

Mahali ni wapi? Njia ya msituni na nyumba ya bibi.

Shida ni nini? Msichana amwambia mbwa-mwitu aendako.

Mwisho ni upi? Mbwa-mwitu awala wote wawili. Lakini katika kitabu cha ndugu Grimm wa Ujerumani, mwaka 1812, mwindaji awaokoa.

Fundisho ni nini? Kwa Perrault: usisikilize kila mgeni. Kwa Grimm: aliyekosa ajirudi, amtii mama.

Basi mwisho ukibadilika, fundisho nalo hubadilika. Mwanafunzi asome hadithi yote, ndipo aseme imefundisha nini.