SOMO LA REDIO: TUPEPETE KELELE, LIBAKI NENO

Tuchukue mfano. Redio inatangaza kuwa chanjo ya watoto ni tarehe sita. Radi inapiga, redio inakoroma. Mama anasikia "tarehe tisa". Siku hiyo anakwenda na mtoto mgongoni, anakuta wauguzi wamekwisha ondoka. Kosa si la mama. Ni la kelele.

Redio ni mwalimu wetu wa siku nyingi. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walijifunza katika vikundi vya kusikiliza redio. Basi tujue namna ya kumsikia mwalimu huyu vizuri.

Kelele inatoka wapi?

Inatoka kwenye radi, injini ya pikipiki, nyaya za umeme, hata chaja ya simu. Vyote hivi hutoa mawimbi. Mawimbi hayo huingia redioni pamoja na maneno, kama makapi ndani ya maharage.

Redio inachekechaje?

Ukizungusha kitasa cha stesheni, redio hupitisha mawimbi ya stesheni hiyo na kuzuia mengine. Hilo ni chekeche. Matundu yakiwa makubwa, kelele inapita. Yakiwa madogo mno, hata maneno yanakatwa. Sauti nyembamba kama S na T hupotea kwanza. Ndiyo maana sita na tisa huchanganyika.

Katika masafa ya kati, maneno hubebwa na kimo cha wimbi, na radi huharibu kimo hicho. Mwaka 1933 Mmarekani Edwin Armstrong alipewa hataza ya njia nyingine, yaani FM. Humo maneno hubebwa na idadi ya mawimbi kwa sekunde. Redio hukata vilele vilingane, na kelele nyingi huondoka. Lakini FM huzuiwa na milima, na sisi Kitahana tunakaa milimani.

Tufanye nini?

1. Masafa ya kati: zungusha redio yenyewe polepole mpaka kelele ipungue.
2. FM: vuta eriali, nenda mahali palipoinuka.
3. Weka chaja mbali.
4. Andika tarehe uliyoisikia. Tangazo likirudiwa, sikiliza tena, kisha linganisha na jirani. Kelele hubadilika kila mara, neno la kweli halibadiliki.

Maswali ya kikundi

1. Taja vitu vitatu vinavyoleta kelele kijijini kwenu.
2. Kwa nini chekeche la matundu madogo mno ni hasara?