Sindano, Mfanyakazi Mpya na Mafunzo ya Mtandaoni

Muuguzi aliyeajiriwa wiki hii anaweza kuingia zamu ya usiku akiwa na cheti cha mafunzo ya usalama alichokipata mtandaoni, na bado asijue dawa za kinga ya VVU zimehifadhiwa katika chumba kipi. Hospitali inayohamishia mafunzo elekezi kwenye kompyuta na simu haina budi kuanza na pengo hilo.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwajibisha mwajiri wa Tanzania Bara kuwafunza wafanyakazi wake. Mtandao humrahisishia wajibu huo: anayeripoti kazini Jumanne hasubiri semina ya miezi ijayo, na wote hupata maelezo yaleyale.

Ichukuliwe ajali ya kuchomwa na sindano iliyotumika. Kwa mtu asiye na kinga, uwezekano wa kuambukizwa homa ya ini aina ya B kutoka kwa mgonjwa mwenye virusi hivyo ni kati ya asilimia 6 na 30. Kwa VVU ni takriban 3 kati ya 1,000. Jeraha huoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, bila kulikamua. Dawa za kinga ya VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, wala si baada ya saa 72, kisha hutumiwa kwa siku 28. Haya yote somo la mtandaoni huyafundisha vizuri, pengine kuliko mhadhara wa saa tatu ambao nusu ya wasikilizaji husinzia.

Lakini mazoea ya kurudishia sindano mfuniko wake ni mazoea ya vidole. Hayaondoki kwa kubonyeza jibu sahihi. Huondoka wodini, muuguzi mzoefu akiwa pembeni na kisanduku cha sindano kikiwa karibu na mkono, kabla hakijapita robo tatu ya ujazo wake. Chanjo ya homa ya ini nayo haipitii kwenye kioo cha simu. Dozi zake ni tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu katika mwezi wa sita, hivyo ya kwanza itolewe siku ya kuripoti.

Wapo pia wanaosahaulika kabisa: wahudumu wa usafi, ambao mara nyingi huajiriwa na mkandarasi, hawana barua pepe ya hospitali, na ndio wanaobeba mifuko ambamo sindano zimetupwa kimakosa. Mfumo usiowasajili hao umewaacha nje walio hatarini zaidi.

Ukurasa wa mwisho wa somo ujazwe na hospitali yenyewe: chumba cha dawa, mwenye ufunguo usiku, namba yake ya simu. Cheti kisitolewe mpaka kiongozi wa wodi athibitishe kwa sahihi kwamba mgeni amepelekwa hadi mlangoni pa chumba hicho.